Bakuli la Kapita

Kuna mchana mmoja wa Keshero ambao bado nauona wazi, mwanangu, ingawa macho haya siku hizi hata tundu la sindano hayalioni. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeshika mwiko wa bugali, na mbele yangu mbwa wangu mwenyewe amenitolea meno. Nimeukumbuka leo kwa sababu nilikuwa nimeketi pale mlangoni nikakuona unamchapa mbwa wako kwa ufagio, eti amekungurumia ulipomsogelea akila. Usinune. Sikukuita nikugombeze. Vuta kiti, unisikilize, na unajua mimi nikianza kusimulia sina haraka.

Mbwa wangu aliitwa Kapita. Papa ndiye aliyempa jina hilo, maana kwetu kapita ni msimamizi wa kazi, yule anayetembea huku na huku akiwaangalia wengine wanavyotoa jasho. Mbwa huyu tangu mdogo alikuwa hivyo hivyo, anatoka gunia hili anakwenda lile, hafanyi kitu ila kukagua. Papa alikuwa mfanyabiashara wa maharagi. Alitoka Butembo akiwa kijana, akaja kukaa Goma, na parsele yetu, yaani kiwanja chetu cha mtaa wa Keshero, ilikuwa na nyumba ya mbao, jiko la nje, stoo ya magunia na ukuta wa mawe meusi kama parsele zote za huko. Kapita alilinda magunia, mimi nikamlisha. Alikuwa mpole mpaka kuku walikuwa wanadona kwenye bakuli lake naye anawatazama tu.

Halafu vita ikashuka kutoka upande wa Rutshuru. Mambo ya vita sitakusimulia, umeyaona yako, yanakutosha. Nitakuambia tu kwamba barabara ilijaa watu, mbuzi, magodoro, akina mama wenye mtoto mgongoni na sufuria kichwani, na papa alisimama kando ya barabara tangu asubuhi akitafuta sura anayoijua. Saa tisa akarudi nyumbani na watu watano. Walikuwa jamaa wa rafiki yake wa Kibumba, mkulima wa viazi aliyekuwa akimpa malazi kila lori lilipoharibika njiani. Rafiki mwenyewe alikuwa amefariki kabla ya vita. Waliokuja ni mjane wake, Mama Riziki, na watoto watatu, mkubwa wao akiwa huyo Riziki, msichana wa miaka saba. Pamoja nao alikuwepo baba mkwe wake, muzee mwembamba mwenye koti refu, ambaye wajukuu walimwita Sogokuru, yaani babu kwa lugha yao. Nyumba nzima tukamwita hivyo hivyo.

Papa akasema mbele yetu sote, “Hii nyumba ni yenu. Tunachokula mutakula.” Na alisema kweli. Unga ulikuwepo, maharagi yalikuwepo, magunia yamepangwa mpaka dirishani. Kumbuka hilo, mwanangu, maana aibu yangu iko hapo.

Tulikula mara moja kwa siku, saa nane mchana. Mimi ndiye niliyepika na kupakua. Papa na Sogokuru walikula saloni, yaani sebuleni. Mama Riziki na watoto wake niliwapelekea sinia chumbani kwao, kwa kuwa mama yangu alisema mgeni asile huku anatazamwa. Sasa sikiliza vizuri. Kwetu sisi, mtu ambaye hajashiba anamaliza chakula na kupangusa sahani, na mpishi akiiona imekauka anajua aongeze. Ukibakiza, umesema basi, aksanti, inatosha. Sinia ya Mama Riziki ilikuwa inarudi na nusu ya bugali. Kila siku ya Mungu. Bugali nusu, sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, nusu, na wakati mwingine hata sambaza, visamaki vya ziwani, wamezigusa kidogo tu.

Na mimi, badala ya kujiuliza, nikanuna. Nilijisemea, hawa wamezoea viazi vyao vya Kibumba, bugali yangu wanaiona takataka. Mimi Masika, niliyesifiwa mtaa mzima! Nilikuwa na majivuno ya jikoni, usicheke, na wewe unayo. Basi kila sinia iliporudi nilitoka nayo nje kwa hasira, nikakung'uta yote kwenye bakuli la Kapita nyuma ya jiko. “Kula weye unayejua kizuri,” namwambia.

Haikupita wiki mbili Kapita akabadilika. Kwanza alianza kula mbio mbio, shingo imekakamaa, jicho la pembeni limetoa weupe. Kuku akikaribia, anamrukia. Kisha siku moja nilipita karibu na bakuli kwenda kuchukua kuni, nikasikia mngurumo unatoka ndani kabisa ya kifua chake. Kwangu mimi! Mimi niliyemlea kwa maziwa ya kopo!

Damu ilinichemka. Nikasema mbwa huyu amesahau nani mwenye nyumba. Nikamnyang'anya bakuli chakula kikiwa bado mdomoni, nikalishika juu, nikamwacha anatazama, ndipo nikamrudishia. Kesho yake tena. Aliponitolea meno nilimpiga kwa mwiko. Jirani mmoja akaniambia nimtilie pilipili, atashika adabu, nikamtilia. Ayee, mwanangu, naona haya hata kulisema! Na unajua nilifurahia nini? Baada ya siku nne tano Kapita aliacha kunguruma. Nikazunguka parsele nzima nikijisifu, mumeona, ameshika adabu.

Siku mbili baadaye akamuuma Riziki.

Nilikuwa nimekwenda ziwani na bidoni kuchota maji. Niliporudi nilimkuta Mama Riziki amemkumbatia mtoto nyuma ya jiko, damu inatiririka mkononi. Mbwa hakunguruma wala hakubweka, alimshika mkono bila sauti yoyote. Mama yangu alikuwa ameshaanza kuosha kidonda kwa maji mengi na sabuni, anaosha tena na tena bila kuchoka, kisha papa akampeleka mtoto dispanseri kwa pikipiki. Muganga akamdunga sindano, akasema mbwa asiuawe kwanza. Afungwe, aangaliwe siku kumi. Akibaki muzima, hana kichaa. Akibadilika, habari ipelekwe mbio.

Papa aliporudi hakunitazama. “Siku kumi,” akasema. “Zikiisha, nitamufunga kamba mimi mwenyewe, na ndiyo mwisho wake. Siwezi kukaa na mbwa anayeluma mutoto wa rafiki yangu.”

Nililia mpaka nikapata kwikwi. Nilimpenda yule mbwa, na moyoni nilijua kuna kitu nimekiharibu, ila sikujua ni kipi.

Asubuhi ya pili Sogokuru aliniita. Alikuwa ameketi kwenye bidoni tupu karibu na ukuta, hatua kama kumi na tano kutoka pale Kapita alipofungwa mnyororo.

“Masika, kuya ukae hapa. Nikuulize kitu kimoja. Nani alimufundisha huyu mbwa kuluma?”

“Sijui, Muzee. Ameharibika tu.”

“Ni weye.”

Alisema taratibu, bila ukali, na ndiyo maana iliniuma zaidi. “Alikuambia anaogopa. Alikuambia mara moja, mara mbili, kwa ile sauti Mungu alimupa. Ukamupiga sababu amesema. Sasa amejifunza kunyamaza. Mbwa anayenguruma anakupa nafasi ya kuondoka, mutoto wangu. Huyu umemunyima hata hiyo.”

“Lakini Muzee, nilitaka ajue chakula ni mimi ninayempa!”

“Na ulimuonyesha vizuri. Alikuwa anafikiri batu watamunyang'anya. Ukamunyang'anya. Sasa hafikiri tena, anajua.”

Akanisimulia kwamba kule Kibumba alikuwa na mbwa wawili wa kulinda shamba la viazi, maana nyati na nguruwe wa porini hutoka msituni wakafyeka kazi ya mwaka mzima. Siku ya kukimbia aliwafungua wote wawili. Mmoja alipotea kwenye kishindo cha watu, wa pili akawafuata mpaka njia panda, akasimama, akarudi nyumbani. Alisema hivyo akiangalia viganja vyake. Machozi yalimlengalenga, akajifanya anakohoa, nami nikajifanya sikuona. Kisha akanifundisha.

Kwanza, alisema, hakuna mkono kuingia tena kwenye bakuli lile, wangu wala wa mtu mwingine, na watoto wote wakae mbali kabisa. Kapita ale kwenye kona yake, saa ile ile, bila kelele na bila kuku. Mimi nichukue vichwa vya sambaza, kitu anachokipenda kuliko bugali, nisimame mbali pale ambapo shingo yake bado ni laini, nimrushie kimoja karibu na bakuli, nigeuke, niende zangu. Niende kweli, nisisimame kumkodolea macho. Halafu nirudi, nirushe kingine, niende tena. Kila siku nisogee kidogo, na akikakamaa, nirudi nyuma mara mbili ya nilivyosogea.

“Ni hivyo tu?” nikauliza.

“Ni hivyo tu. Unaona ni rahisi? Jaribu kwenda zako bila kugeuka nyuma.”

Kweli, haikuwa rahisi. Mimi nilikuwa kichwa ngumu, nilitaka mambo yaishe leo. Siku ya pili nilirusha kichwa kimoja, nikarusha cha pili, nikaona amekula vizuri, nikaenda moja kwa moja mpaka karibu. Kapita akaganda. Akaweka mdomo juu ya chakula, hali, hasogei, ananitazama kwa jicho lile la weupe. Sogokuru akagonga fimbo kwenye jiwe.

“Rudi! Unaenda kwa miguu yako. Uende kwa miguu yake!”

Nikarudi mpaka kwenye bidoni, nikaanza upya. Siku ya tatu alitikisa mkia mara moja aliponiona. Siku ya nne aliacha kula mbio mbio. Siku ya tano, nilipokuwa hatua saba tu kutoka kwake, aliinua kichwa kutoka kwenye bakuli, akautazama mkono wangu, masikio yamelegea. Mungu wangu, furaha niliyosikia! Nilikimbia kumwambia mama, nikamkuta anachambua maharagi pamoja na Mama Riziki, nikameza maneno, kwa kuwa mtoto wa mwenzetu bado alikuwa na kitambaa mkononi.

Sasa ikafika siku ya sita. Kapita alikula, akabakiza donge la bugali, akaenda kujilaza kivulini mpaka mnyororo wake ulipoishia. Nilikuwa bado nimeketi pale kwenye bidoni, nina viazi vitamu viwili vya kuchoma mapajani. Mara Riziki akatokea pembeni mwa jiko. Hakuniona. Alisimama, akalitazama lile donge muda mrefu, akameza mate.

Mimi wa wiki iliyopita ningepiga kelele mtaa mzima usikie. Lakini zile siku tano zilikuwa zimenikalisha chini. Sikumwita. Nilichukua kiazi kimoja, nikakiweka juu ya jiwe kati yangu na yeye, nikageuza uso upande wa ziwa. Nikasikia hatua. Nikasikia anatafuna. Nilipogeuka alikuwa amenipa mgongo, amekikumbatia kiazi kwa mikono yote miwili, ule mzima na ule wa kitambaa, anakula mbio mbio, shingo imekakamaa.

Moyo ulinipasuka, mwanangu. Sina namna nyingine ya kukuambia.

“Riziki,” nikamwita taratibu, “hamushibi?”

“Mama anasema tusimalize sahani. Tukimaliza mutasema tunakula sana, mutatufukuza.”

“Na siku ile Kapita alipokuluma, ulikuwa unatafuta nini?”

Akanishangaa, akaona nauliza jambo ambalo kila mtu analijua. “Bugali yangu. Niliigawanya na kidole, alama yangu nikaijua. Niliona umeimwaga pale. Kila siku unaimwaga pale.”

“Na kila siku unaichukua?”

“Mbwa akigeuka.”

Nilisimama. Kiazi kilichobaki kikaanguka chini. Magunia yamejaa stoo, na mtoto wa mgeni wetu anagombea tonge lake na mbwa, na aliyelitupa kwa mbwa ni mimi! Nilishika njia kwenda mbele ya nyumba walikokuwa mama na Mama Riziki. Sogokuru alikuwa anakuja upande wetu, akanizuia kwa fimbo.

“Unaenda wapi na uso huo?”

“Kuwaambia! Leo leo mama asikie! Na Mama Riziki ajue sisi hatuhesabu matonge ya watu!”

“Kwa sauti hiyo?”

“Kwa sauti hii hii!”

Akashusha kichwa. Akamtuma Riziki akacheze na wadogo zake, akasubiri mpaka mtoto ameondoka. Ndipo akaniambia kwamba alijua. Alijua tangu siku ya dispanseri, mtoto alimnong'oneza. Kwao, mgeni akimaliza chakula amemtia mwenye nyumba aibu, amesema hukunipa cha kutosha. Hubakiza kwa heshima, na mwenye nyumba wa kwao humsihi, kula, kula tena, maliza, mara mbili mara tatu, mpaka mgeni akubali. Sisi hatukumsihi mtu. Sisi tulibeba sinia. Basi Mama Riziki akafikiri ndicho kipimo chetu, tumechoka nao, na akawaambia watoto wabakize zaidi ili tusiwaone mzigo.

“Mbwa yako haina kosa,” akasema. “Niliona haya kusema, ndiyo sababu nilikuja kukusaidia kuiokoa. Lakini ukiingia pale ukasema mbele ya batu mutoto wake alikula kwa mbwa, leo hii atafunga mizigo. Namujua. Ataenda kwa kambi na hawa batoto, na hatarudi.”

Kambini kwa wakimbizi wakati ule kulikuwa na kipindupindu. Sikuhitaji kuelezwa zaidi.

“Sasa nifanye nini, Muzee?”

“Unaniuliza mimi? Siku zote hizi umekuwa unafanya nini na vichwa vya sambaza?”

Siku iliyofuata, kabla sijapakua, nilimwita Riziki jikoni. Nikamwambia nina mafua, sisikii chumvi, aje anionjee. Nikampa bakuli limejaa mpaka juu. Akaonja kwa ncha ya kidole.

“Iko sawa,” akasema.

“Eh, umeonja juu tu! Chumvi hushuka chini. Onja mpaka chini.”

Alinitazama, akaelewa au hakuelewa, sijui, lakini alionja mpaka chini. Wadogo zake nao nikawapa kazi ya kuonja maharagi. Mafua yangu yale yalidumu miezi, mama akaanza kunichemshia majani. Na kwa Mama Riziki niliacha kabisa kubeba sinia. Nilipeleka chakula na sufuria yenyewe, nikamsihi kidogo, kula mama, chukua tena, nikaiacha sufuria mbele yake, nikaenda zangu bila kugeuka. Siku ya kwanza sufuria ilibaki kama nilivyoipeleka. Siku ya pili hivyo hivyo. Niliumia, lakini sikununa, nikarudi tena na sufuria yangu.

Siku ya kumi ikafika. Papa alitoka stoo na kamba mkononi saa ileile ya kumlisha Kapita. Nyumba nzima ilikuwa nje. Mama na Mama Riziki walikuwa na ungo wa maharagi, watoto wako mlangoni kama tulivyowaamuru, Sogokuru amesimama kando ya ukuta.

“Papa,” nikasema, “hana kichaa, umeona. Kabla ya kamba nakuomba kitu kimoja. Shika hivi vichwa vya sambaza, upite karibu naye akiwa anakula. Ukiona ubaya, sitasema neno tena.”

Alisita. Akaviweka viganjani, akaenda polepole. Hatua kumi. Hatua saba. Kapita alikuwa ameinamia bakuli. Papa alipofika hatua nne, Kapita aliinua kichwa, mdomo umejaa bugali, akamtazama. Kisha mbwa akaacha bakuli, akarudi nyuma hatua mbili, akakaa kitako, mkia unafagia vumbi, anasubiri chake. Papa akamrushia, akaondoka. Akarudi tena. Mbwa akafanya vile vile. Papa, ambaye hakuwa mtu wa kucheka ovyo, alitoa kicheko kupitia puani, akaitupa kamba juu ya paa la stoo.

Nilidhani yameisha. Lakini papa alikuwa mfanyabiashara, hakuacha jambo nusu. Akageuka.

“Basi nielezeni. Mbwa mupole namna hii, mutoto alikuwa anafanya nini karibu na bakuli lake?”

Maharagi yaliacha kulia kwenye ungo. Nilimwona Mama Riziki mikono imeganda, uso umekuwa wa majivu. Alikuwa anajua, mwanangu. Mama gani asiyejua? Riziki alinitazama mimi. Sogokuru alitazama chini. Neno moja tu lilitosha kuwapeleka wote watano kambini.

“Ni mimi, papa,” nikasema. “Nilipokwenda ziwani nilimwachia kazi ya kuondoa bakuli nije nilioshe, mbwa akiwa bado anakula.”

“Masika!” Papa alinguruma kuliko Kapita. “Siku kumi unalia mbwa, mbwa, kumbe ni weye wa kufungwa kamba! Mutoto wa batu! Umekuwa mama mzima na akili iko wapi?” Akanisema kwa urefu, mbele ya wageni, mbele ya jirani yetu wa pilipili aliyekuwa amechungulia juu ya ukuta. Kijana mmoja aliyekuwa ananitaka alipita barabarani akasikia yote. Nilisimama nikapokea, machozi yananitoka. Jumapili nilimwambia Padiri kwenye kitubio kwamba nimemdanganya baba yangu. Akaniuliza ulikuwa uongo gani, nikamweleza. Akanipa Salamu Maria moja tu.

Lakini hiyo ilikuwa Jumapili. Mchana ule ule wa siku ya kumi, tulipokuwa tumeshakula, nilikuwa jikoni peke yangu napangusa macho, nikasikia mtu mlangoni. Alikuwa Mama Riziki. Mkononi alishika sahani yake, imepanguswa hakuna hata chembe. Macho yalikuwa mekundu kama yangu.

“Masika,” akasema, “niongezee. Sijashiba.”

Nilipakua mpaka mchuzi ukamwagikia kidole changu. Alikula amesimama pale pale jikoni, karibu nami, taratibu, akamaliza. Kisha akanyoosha sahani tena.

Basi, mwanangu, ninachokuomba ni hiki. Mbwa wako hakukutukana leo. Amekuambia anaogopa kunyang'anywa, na wewe umemjibu kwa kumchapa. Kesho usimguse akila, wala usiweke mkono kwenye bakuli lake kumjaribu. Simama mbali, mwongezee kitu anachokipenda, uende zako, na watoto wa nyumba hii wasimkaribie kabisa akiwa na chakula, hata akishakuwa mpole. Kapita alichukua miezi mingi kabla moyo wake haujatulia sawasawa. Siku zile kumi zilimwokoa tu na kamba. Kwa hiyo uwe na subira, ukikosea urudi nyuma, uanze tena bila hasira.

Na siku moja utakuwa na nyumba yako, na kwa nchi yetu hii ilivyo, kuna mtu atakuja kwako amekimbia, na kila alichokuwa nacho kimebaki nyuma. Usiangalie sahani inayorudi ukadhani umeshajua habari zake. Msihi ale. Akikataa, mwachie sufuria. Ukigundua aibu yake, isitoke mdomoni mwako, na ikibidi mtu mmoja agombezwe mbele ya watu kwa ajili yake, kubali uwe wewe. Inauma siku moja tu. Mimi niligombezwa mbele ya mtaa mzima, na ni sifa ninayoipenda kuliko zote nilizopata jikoni.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kuongeza na mzito wa kunyang'anya. Akupe unga wa kutosha, na watu wa kuula pamoja nawe bila woga. Vita ikikukuta, akupe mlango wa kuingia. Ikikupita, akupe moyo wa kufungua wako. Nakubariki mwanangu, wewe na kila atakayekula kutoka mikononi mwako.